Bomba la moshi: lipangwe mbele ya kujenga jiko

Wamama na wababa wa koperative, wengi wenu mumeanza kujenga majiko ya udongo yenye bomba. Ni vizuri. Lakini kuna nyumba ambamo jiko ni jipya na moshi ungali unajaa jikoni. Mara nyingi kosa haliko kwa jiko, liko kwa njia ya bomba.

Hewa yenye moto ni nyepesi kuliko hewa ya baridi, kwa hiyo inapanda na kuvuta ingine nyuma yake. Bomba likisimama wima linavuta sana. Likilala ao likipindwa mara mingi, nguvu inapungua.

Mbele ya kununua kitu, chukueni kamba na mkaa, muchore njia ukutani:

1. Chagueni pahali bomba linaweza kupanda moja kwa moja. Boriti ikiwa njiani, sogezeni jiko, musipinde bomba.
2. Ikilazimika kupinda, kona zisizidi mbili. Sehemu inayoenda kando ipande angalau santimeta 2 kwa kila metre 1.
3. Upana wa bomba usipungue njiani. Kipande cha juu kiingie ndani ya kile cha chini, ili maji ya moshi yasitiririke inje.
4. Kichwa cha bomba kipite paa kwa santimeta 90, na kizidi kwa santimeta 60 kila kitu kilicho ndani ya metre 3. Bila hivyo, upepo utarudisha moshi. Wekeni kofia juu ya mvua.
5. Bomba la bati moja likae santimeta 45 mbali na miti, matete na nyasi. Kama nyumba ni ya nyasi, musipitishe bomba paani: jengeni jiko kando, chini ya manjanja. Cheche moja inatosha kuchoma nyumba na mbegu za msimu.

Kisha jaribuni: washeni karatasi kwa mdomo wa jiko. Moshi ukirudi, angalieni kona, urefu na masizi. Masizi yasafishwe kila mwezi, jiko likiwa baridi.

Angalisho: mbabula ya makala haina bomba. Hewa yake ya sumu haina harufu wala rangi, na inaua watu wakiwa usingizini. Musilale nayo ndani, hata kama ni baridi.

Zoezi la kikundi: tembeleeni majiko matatu ya wanamemba, muhesabu kona, mupime kichwa cha bomba. Ni jiko gani litengenezwe kwanza?