Tafakuri ya Ramadhani, Siku ya 14: Mwanamke wa Mshipi Mwekundu



Ndugu zangu, Allah atutakabalie funga zetu na visimamo vyetu. Leo tumtazame mwanamke mmoja ambaye hata jina lake hatulijui. Kisa chake kimo katika Sahihi Bukhari, na aliyetusimulia ni mama yetu Aisha (r.a.).

*KISA CHENYEWE*

Alikuwa mwanamke mweusi, mjakazi wa kabila moja la Waarabu. Wakamwacha huru, lakini akaendelea kuishi nao. Zama zile mtu huru asiye na ukoo wa kumlinda alikuwa na pa kwenda padogo sana, kwa hiyo wengi walibaki palepale kwa mabwana zao wa zamani.

Siku moja binti wa kabila lile alitoka amevaa mshipi mwekundu wa ngozi, lile pambo la wanawake wa Kiarabu linalopita begani kushuka kiunoni. Ama aliuvua akauweka chini, ama ulimdondoka. Mwewe akapita, akaona kitu chekundu, akadhani ni nyama. Akaunyakua akaenda zake.

Watu wakautafuta mshipi wasiuone. Hebu fikiri, macho yote yalimgeukia nani? Yeye. Wakamtuhumu wizi, wakaanza kumpekua. Wakampekua mwili mzima, hadi sehemu zake za siri. Yaani mtu mzima, huru, amesimama katikati ya watu aliokula nao na kuwatumikia, anafanyiwa hivyo.

Akiwa bado yumo katika dhiki ile, mwewe akarudi. Akashuka hadi usawa wa vichwa vyao, akauachia mshipi, ukaanguka katikati yao! Yule mama akawaambia kuwa kile walichomtuhumu nacho ndicho hicho, na yeye hana hatia.

Kisha akaondoka. Akaja Madina kwa Mtume (s.a.w.), akasilimu. Akawa na kijihema chake ndani ya msikiti, ndiyo nyumba yake. Akawa anakwenda kwa Bi Aisha kuzungumza. Na kila alipokaa naye, lazima ataje ubeti mmoja wa shairi kuhusu siku ile ya mshipi, na jinsi Mola alivyomwokoa kutoka nchi ya ukafiri. Mpaka Bi Aisha akamuuliza, mbona kila ukikaa nami husemi ila hili? Ndipo akamhadithia yote.

*TUNAJIFUNZA NINI?*

*1. Tuhuma humwangukia mnyonge kwanza.* Hakuna aliyesema amemwona akichukua. Ushahidi pekee ulikuwa kwamba yeye ndiye wa chini kuliko wote pale. Katika Suratul Hujurat aya ya 12 Allah anatuamrisha tujiepushe na dhana nyingi, na hapohapo anatukataza kuchunguzana. Watu wale walifanya yote mawili kwa saa moja.

*2. Kuonekana huna hatia hakufuti maumivu.* Mshipi ulipatikana mbele ya macho ya wote. Lakini hadithi haitaji kwamba kuna aliyemtaka radhi. Na yeye, hata baada ya kufika Madina, akiwa salama, bado siku ile ilikuwa mdomoni mwake. Kwa hiyo usimwambie aliyedhulumiwa, “si yameshaisha, sahau!” Kwako yameisha. Kwake bado.

*3. Msikiti ulimpa pa kukaa, na Bi Aisha akampa sikio.* Mke wa Mtume (s.a.w.), Mama wa Waumini, alikaa na mwanamke asiye na jina wala kabila, akamsikiliza ubeti uleule mara nyingi bila kumchoka, halafu akamuuliza kulikoni. Na Bi Aisha mwenyewe naye alipata kuzuliwa uwongo, mpaka Allah akamtakasa kwa aya za Suratun Nur. Kwa kuwa alimsikiliza, leo mimi na wewe tunakijua kisa hiki.

*4. Allah humsikia aliyedhulumiwa, yeyote awaye.* Ibn Hajar, mwanachuoni aliyeisherehesha Bukhari, ametaja katika faida za hadithi hii kwamba dua ya aliyedhulumiwa hujibiwa hata akiwa kafiri, maana mwanamke huyu alisilimu baada ya tukio. Sasa vipi akiwa ni Muislamu mwenzako, amefunga, yuko jikoni kwako anakupikia futari?

*TURUDI MAJUMBANI KWETU*

Jamani, tuseme ukweli. Pesa ikipotea nyumbani, begi la nani hupekuliwa kwanza? La dada wa kazi. Simu isipoonekana dukani, nani husachiwa mifuko? Kijana wa kubeba mizigo. Halafu pesa inaonekana kwenye mfuko wa kanzu, simu inaonekana chini ya mto wa kiti. Tunasema, “Kumbe ilikuwa hapa!” Basi, imeisha. Yule dada anaendelea kuosha vyombo, machozi anayalia usiku peke yake.

Na huyo angalau kitu kimepatikana. Wangapi wamefukuzwa, wakarudi kwao na jina la wizi, na mwewe hakurudi?

Ndugu yangu, huu ni mwezi wa kuomba maghfira. Lakini haki ya mja ina mlango wake. Ukimdhulumu mtu, toba yako haitimii kwa istighfari peke yake wakati yeye yupo na unaweza kumfikia. Lazima umrudishie haki yake, na umtake radhi.

*KAZI YA LEO*

Kabla ya adhana ya Magharibi, mkumbuke mtu mmoja uliyemdhania vibaya. Kama yupo, mwendee, mwambie, “Nilikukosea, nisamehe.” Kama ulimtuhumu mbele za watu, msafishe mbele ya watu haohao. Kama yuko mbali, mpigie simu. Na kama ni mshahara ulimkata kwa kitu ambacho hakuchukua, mrudishie chake kabla ya Idd.

Ewe Mola wetu, zilinde ndimi zetu na nyoyo zetu na dhana mbaya. Waliodhulumiwa wape faraja na pa kukimbilia, na utujaalie tuwe miongoni mwa wanaowasikiliza. Turehemu sisi na mama yetu huyu ambaye jina lake Wewe unalijua. Aamin.

Mtumie na mwenzako. Tukutane kesho inshaallah.