Kioo Kando ya Paneli ya Sola: Je, Kitakuongezea Chaji?

Kama unalipia sola yako mdogo mdogo kwa simu, huenda ushawahi kujiuliza: nikiweka kioo kando ya paneli, si nitapata chaji zaidi bila kununua paneli nyingine? Jibu fupi ni kwamba mwanga utaongezeka, lakini unaweza kuharibu kifaa ambacho bado hujamaliza kukilipia. Hebu tuone ni kwa nini.

Kioo hufanya nini?

Paneli hutengeneza stima kutokana na mwanga. Kioo kikielekezwa vizuri huipa mwanga wa ziada, na stima hupanda. Hilo ni kweli. Shida ni kwamba jua halitulii: kila saa husonga takriban nyuzi 15. Kioo kilichokaa sawa saa tatu asubuhi, kufika saa tano huenda kinamulika ukuta, na baadaye kinaweza hata kuitia paneli kivuli. Tena betri ikishajaa, mwanga wa ziada hauna kazi.

Hasara tatu za kuangalia

1. Joto. Wati zilizoandikwa nyuma ya paneli hupimwa ikiwa na joto la nyuzi 25 za Selsiasi. Paneli nyingi za silikoni hupoteza takriban asilimia 0.4 ya nguvu kwa kila nyuzi inayozidi hapo. Paneli ya wati 50 ikifika nyuzi 65, imepoteza kama wati 8. Kioo huzidisha joto hilo, na joto jingi huzeesha paneli mapema.

2. Mwanga usio sawa. Seli za paneli zimeungwa moja baada ya nyingine, kama watu kwenye njia nyembamba: wote huenda kwa mwendo wa aliye mzito. Kioo kikimulika nusu ya paneli tu, faida karibu yote hupotea.

3. Waranti. Miongozo mingi ya watengenezaji hukataza kuongeza mwanga kwa vioo au lenzi. Paneli ikiharibika unaweza kunyimwa waranti, na deni libaki palepale.

Fanya hivi badala yake

- Futa vumbi asubuhi au jioni paneli ikiwa imepoa, kwa maji safi na kitambaa laini.
- Kagua kivuli saa tatu, saa sita na saa tisa mchana. Tawi la mwembe au tanki la maji linaweza kukupunguzia chaji sana.
- Acha nafasi ya hewa kati ya paneli na mabati.
- Inamisha paneli kidogo, nyuzi 10 hivi, ili maji ya mvua yateremke na vumbi.

Bado chaji haitoshi? Uliza kampuni iliyokuuzia kama mtambo wako unaweza kuongezewa paneli.

Kabla hujalipa

Mtu akija kukuuzia kioo cha "kuongeza stima", usitume pesa papo hapo. Piga simu kwa kampuni ya sola ukitumia nambari iliyo kwenye mkataba wako. Malipo yaende kwa nambari rasmi ya kampuni, si kwa simu ya fundi. Soma jina la anayepokea kabla ya kuweka PIN, na uhifadhi ujumbe wa uthibitisho. Na usimpe yeyote PIN yako, hata akisema ametumwa na sisi.