Chupa ya asali ioshwe, kisha ikaushwe

Wakazi wengi wa Kibera na Kawangware hununua maji kwa mtungi wa lita 20. Si ajabu basi mtu kuisuuza tu chupa kuukuu kabla ya kuitia asali. Hilo ni kosa.

Asali nzuri haizidi asilimia 20 ya maji. Matone yakibaki chupani, asali huchacha na kutoa povu.

Fanya hivi:

1. Usitumie kamwe chupa iliyowahi kutiwa mafuta ya taa au dawa ya wadudu.

2. Loweka chupa katika maji vuguvugu ili masalio ya asali yayeyuke.

3. Isugue kwa maji moto na sabuni. Nta hulainika kwa joto.

4. Isuuze kwa maji safi, uiinamishe mpaka ikauke kabisa.

Je, usafi huu unamkinga mtoto mchanga? La. Asali yenyewe huweza kubeba mbegu za vijidudu vya botulizimu, ambazo hata kuchemsha hakuziui. Zikimea tumboni mwake hutoa sumu inayolegeza misuli, hata ashindwe kupumua. Mtoto asiyetimiza mwaka 1 asilambishwe asali, hata akikohoa.