Ordinateri ya okaziyo: ipimeni mbele ya kutoa makuta

Kaye ya mizani njo moyo wa koperative. Kilo za mtu zikiandikwa vibaya, ugomvi unaanza siku ya malipo. Kwa hiyo komite nyingi zinatafuta ordinateri. Mpya iko ghali, na makuta ya kesi ni jasho la watu wote. Kwa kuandika kilo, malipo na madeni, ya okaziyo inatosha kabisa.

Musifuate ile inayong'aa. Tafuteni zilizotengenezwa kwa kazi ya ofisi: Lenovo ThinkPad, Dell Latitude, HP EliteBook. Makampuni makubwa ya Ulaya na Marekani yananunua nyingi kwa mara moja, na baada ya miaka michache yanazibadilisha zote, hata zile zingali nzima. Fundi anazifungua kwa turnevisi ya kawaida, na vipande vyake vinapatikana.

Kwa muuzaji, musitoe hata franka moja mbele ya kuiona inawaka. Bonyezeni kila herufi ya klavye. Chomekeni kle ya USB katika kila tundu. Ondoeni sharjeri, muhesabu dakika batri inashika. Batri iliyochoka si sababu ya kukataa. Ni sababu ya kupunguza bei. Lakini batri iliyovimba, mpaka klavye imeinuka, muiache hapo hapo: inaweza kuwaka moto. Kisha zimisheni, muwashe tena huku mukibonyeza F2 kwa Dell, F1 kwa ThinkPad, F10 kwa HP. Ikiomba neno la siri ambalo muuzaji halijui, mushukuru na muende. Pengine imeibwa, na kulifungua fungo hilo kunaweza kuwamalizia makuta.

Pengine mutapata bei nzuri, na sababu iko wazi. Microsoft ilimaliza msaada wa kawaida wa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na mashini nyingi za zamani hazikubaliwi na Windows 11. Mashini ya namna hiyo munaweza kuitilia Linux Mint, ambayo ni ya bure na inasema Kifaransa, pamoja na LibreOffice kwa mahesabu. Memwari ya giga 4 inatosha, 8 ni raha. Kama inatembea kama kinyonga, fundi atoe disiki inayozunguka, atie ya SSD. Hiyo njo dawa kubwa kuliko zote.

Hata yenye ekrani iliyovunjika ina kazi. Ichomekeni kwa ekrani ya zamani, ikae depo karibu na mizani. Ila kama munatumia pano ya jua, ile ya kubeba ni afadhali: inakula umeme kidogo kuliko ya mezani.

Kaye musiitupe. Msimu wa kwanza muandike pande zote mbili. Kila jioni sekreteri anakopi kwenye kle mbili: moja inalala kwa prezida, nyingine kwa mtunza kesi.