Mume na Mke Katika Nchi ya Ugeni

SABATO MCHANA

Soma kwa ajili ya juma hili: Matendo 18:1–4, 18–28, Warumi 16:3–5, Wafilipi 2:3–8, 1 Wathesalonike 2:7–9.

Fungu la kukariri: 1 Wathesalonike 2:8.

Mwaka 1909 Ferdinand na Ana Stahl, mume na mke waliokuwa wauguzi nchini Marekani, walijitoa kwenda kuhudumu Amerika Kusini. Kanisa halikuwa na fedha za nauli yao. Wakajilipia wenyewe, wakasafiri pamoja na watoto wao hadi Bolivia. Baadaye walihamia Peru, kwenye nyanda za juu za Ziwa Titicaca, zaidi ya mita 3,800 juu ya usawa wa bahari, wakaishi miongoni mwa Waaymara.

Habari za kujitoa kwa namna hii hupendwa, tena kwa haki. Lakini ni rahisi kumtazama aliyekwenda, tukawasahau aliowakuta. Juma hili tutajifunza juu ya wanandoa wawili, mmoja wa nyakati za mitume na mwingine wa karne iliyopita. Tutauliza: mgeni anayekuja kusaidia anapaswa kuishije na wenyeji wake?

JUMAPILI: Jembe Mkononi

Soma Matendo 18:1–3. Akila na Prisila walifikaje Korintho, nao walikuwa na nini cha kutoa?

Wanandoa hawa hawakutumwa na kanisa lolote. Walikuwa wametoka Italia kwa sababu Klaudio aliwaamuru Wayahudi waondoke Rumi. Hata hivyo walipokuwa wageni wao wenyewe, walimpokea Paulo nyumbani, wakafanya naye kazi ya kushona hema. Wanatajwa katika mafungu sita ya Agano Jipya, na kila mara wanatajwa wote wawili. Nyumba yao, kazi yao na huduma yao vilikuwa kitu kimoja.

Akina Stahl nao walianza na kazi waliyoijua. Katika mji wa La Paz, Ana aliwauguza watu wenye uwezo, naye Ferdinand akawaendea maskini. Wahenga walisema, mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Hawa walifika na jembe lao mkononi.

Tafakari: Mungu ameweka ujuzi gani mikononi mwako ambao ungefaa popote, hata mahali usipojua lugha vizuri?

JUMATATU: Mwenyeji Aliyetangulia

Soma Matendo 18:24–26. Akila na Prisila walimtendeaje Apolo, ambaye alikuwa amekwisha kuanza kufundisha kabla hawajamjua?

Hawakumwaibisha mbele ya sinagogi, wala hawakuchukua nafasi yake. Walimkaribisha kwao, wakamweleza njia ya Mungu kwa usahihi zaidi, kisha Apolo akaendelea mbele na kazi yake (Matendo 18:27, 28).

Huko Platería, kijiji kilicho karibu na mji wa Puno, akina Stahl walikuta kazi imeanza. Mwaymara mmoja, Manuel Zúñiga Camacho, alikuwa amefungua shule nyumbani kwake ili watu wake wajue kusoma. Alijua kwamba asiyejua kusoma hawezi kutetea haki yake mbele ya karatasi asiyoielewa. Wapo wenye nguvu ambao hawakuipenda shule hiyo. Camacho alipingwa, lakini hakukata tamaa. Yeye ndiye aliyewaomba Waadventista waje wamsaidie.

Ferdinand na Ana walihamia Platería mwaka 1911. Waliwatibu wagonjwa, wakafundisha usafi wa mwili na wa nyumba, wakaitia nguvu shule. Lakini mbegu ilikuwa imepandwa na mwenyeji. Mungu hufika mahali kabla ya wajumbe wake.

Tafakari: Kwa nini ni vigumu kwa msaidizi kukubali kwamba yeye si wa kwanza?

JUMANNE: Waliofungwa

Soma 1 Wakorintho 12:24–26. Kiungo kimoja kikiumia, vingine vinapaswa kufanya nini?

Wakati ule katiba ya Peru ililinda dini moja tu, na ilikataza dini nyingine kuabudu hadharani. Tarehe 3 Machi 1913 kundi kubwa la watu, akiwamo askofu wa Puno, lilifika Platería. Akina Stahl hawakuwapo nyumbani siku hiyo. Waaymara waliokuwapo waliamriwa wapige magoti mbele ya askofu. Wakakataa. Camacho na wenzake kadhaa wakakamatwa, wakapelekwa kwa miguu hadi gerezani Puno.

Tusipite haraka hapa. Waliokwenda gerezani hawakuwa wageni, walikuwa wenyeji. Mgeni ana nchi nyingine ya kurudia, na jina lake huwafanya wenye mamlaka wafikiri mara mbili. Mwenyeji hana pengine pa kwenda. Mgeni anapowatia watu moyo wasimame, ni lazima ajue gharama itamwangukia nani kwanza.

JUMATANO: Kubaki

Soma Warumi 16:3, 4 na 1 Wathesalonike 2:7–9. Paulo anasema nini juu ya upendo usioishia katika maneno?

Akila na Prisila walihatarisha maisha yao kwa ajili ya Paulo. Naye Paulo aliwaambia Wathesalonike kwamba alikuwa radhi kuwapa, pamoja na Injili, nafsi yake pia. Huduma ya namna hii haipimwi kwa wingi wa vitu vilivyogawiwa, bali kwa kushiriki hatari.

Baada ya siku ile ya Machi, akina Stahl wangeweza kuondoka, na hakuna ambaye angewalaumu. Walibaki. Wafungwa wa Platería waliachiliwa na mahakama, na kesi yao ikazungumzwa mbali na ziwa lao. Mnamo Novemba 1915 katiba ilibadilishwa, na katazo la ibada za dini nyingine likaondolewa. Nchi nzima ilipata uhuru ambao Waaymara walikuwa wametangulia kuulipia.

ALHAMISI: Kabla ya Kufunga Mizigo

Soma Wafilipi 2:3–8. Kristo alikujaje kwetu, na hilo linamfundisha nini anayekwenda kuhudumu ugenini?

Leo vijana wengi waliooana wanatamani kujitolea nje ya nchi yao kwa mwaka mmoja au miwili. Tamaa hiyo ni njema. Kabla ya kufunga mizigo, ni vizuri mume na mke waketi pamoja na kuulizana: Nani ametuita huko, naye anatuomba nini? Je, sisi wawili tumekubaliana, au mmoja anamfuata mwenzake kwa kunung'unika? Tutajifunza kutoka kwa nani? Na siku tutakapoondoka, kazi itabaki mikononi mwa nani?

Kristo hakuja kama mtalii wa taabu zetu. Alitwaa hali yetu, akala chakula chetu, akafa kifo chetu. Msemo wetu husema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Wengi hupenda sehemu ya kwanza. Kristo aliitimiza ya pili.

IJUMAA: Maswali ya Kujadili

1. Wanandoa vijana wa kanisa lenu wanaomba kutumwa nchi nyingine kuwasaidia wenye shida. Kanisa liwaulize maswali gani kabla ya kuwaombea na kuwachangia?

2. Tunapowasimulia watoto wetu habari za wamisionari, tufanye nini ili watu kama Camacho nao wakumbukwe?

3. Je, ni halali kumshauri mtu asimame imara mahali ambapo wewe hutaumia? Linganisha jibu lako na Wagalatia 6:2.

4. Ni nani mgeni katika mtaa wenu leo, na ni nani anayeweza kumpokea kama Akila na Prisila walivyompokea Paulo? Pangeni kumtembelea kabla ya Sabato ijayo.