Mizizi ya Taifa: Kivoi, Krapf na Jina la Kenya

Muhula uliopita chama chetu cha Kiswahili kilifanya mdahalo wenye mada isemayo, "Taifa la Kenya lilijengwa juu ya msingi wa Kikristo." Upande wa watetezi ulishinda kwa makofi mengi. Tulipokuwa tukitoka ukumbini, mwanachama mwenzetu mmoja ambaye ni Mwislamu aliniuliza, "Sasa sisi wengine tuliingia lini katika hilo jengo?" Swali lake ndilo lililonipeleka maktabani, na makala hii ndiyo niliyotoka nayo huko.

Wapenzi wasomaji, si lazima twende mbali. Habari yenyewe imelala papa hapa kwetu, Kitui na Makueni.

Tuanze na Johann Ludwig Krapf, Mjerumani aliyetumwa na shirika la misheni la Kanisa la Uingereza, CMS. Alifika Mombasa mwaka wa 1844, na mwaka uo huo akamzika mkewe na mtoto wao mchanga. Hayo twayasoma hata katika vitabu vya shule ya msingi. Lisilosemwa sana ni kwamba barua iliyomfungulia njia ilitoka kwa Mwislamu. Seyyid Said, Sultani wa Unguja, aliwaagiza magavana wake wa pwani wampokee vyema mtu huyu mwema anayetaka kuwaelekeza watu kwa Mungu. Tena Krapf alipoanza kutafsiri kitabu cha Mwanzo kwa Kiswahili, aliyeketi naye kumsaidia alikuwa kadhi wa Mombasa! Ndiyo maana hadi leo, tukiwa kanisani Jumapili, twatumia maneno kama sala, imani, dhambi, malaika na Injili. Yote hayo asili yake ni Kiarabu, na yalikuwa yamekwisha kukomaa vinywani mwa Waswahili kabla mmisionari hajashuka jahazini.

Sasa tuje Ukambani. Mnamo Novemba 1849 Krapf aliondoka Rabai kwa miguu na wapagazi wachache, akavuka nyika hadi Kitui kwa Kivoi. Kivoi alikuwa mfanyabiashara mkubwa wa pembe za ndovu ambaye misafara yake ilikuwa ikiteremka hadi pwani. Hakuwa Mkristo wala hakupata kuwa Mkristo. Alimweleza mgeni wake kwamba kaskazini kuna mlima mkubwa wenye kitu cheupe kileleni. Tarehe 3 Desemba 1849 mawingu yalifunguka na Krapf akauona kwa macho yake, ncha mbili zimesimama kama pembe. Akauliza jina, akaambiwa, akaliandika kama sikio lake lilivyolisikia.

Hapo ndipo mimi ninapopapenda. Wakikuyu huuita mlima ule Kirinyaga. Wakamba husema Kiinyaa, na wazee wetu hulifungamanisha jina hilo na nyaa, yaani mbuni, kwa sababu dume la mbuni lina manyoya meusi na meupe kama mwamba na theluji. Krapf alilichukua kutoka kinywani mwa Wakamba. Huko Ulaya mabingwa wa jiografia waliokuwa wameketi vitini walimcheka, eti theluji itakaaje Ikweta? Jina likabaki hata hivyo. Waingereza walipotangaza utawala wao mwaka wa 1895 waliiita nchi hii Himaya ya Afrika Mashariki. Mwaka wa 1920 ndipo walipoigeuza kuwa Koloni la Kenya, kwa jina la mlima ule. Kwa hiyo kalamu ilikuwa ya mhubiri, lakini neno lilikuwa letu.

Safari ya pili ya Krapf ilikuwa ya machozi. Mwaka wa 1851 alijaribu kufungua kituo Yatta, kikashindikana. Akafuatana na Kivoi kuelekea mto Tana. Wakashambuliwa njiani na Kivoi akauawa. Krapf alitangatanga porini peke yake, akibeba maji ndani ya mfuko wa darubini na mitutu ya bunduki. Aliporudi kwa jamaa za Kivoi wakamlaumu kwa kifo cha mkubwa wao, ikambidi atoroke usiku. Ukihesabu waumini, Krapf aliondoka Ukambani mikono mitupu. Lakini jina alilokuwa amekwisha kuliandika halikufutika.

Upande wa Makueni mambo yalikuja baadaye, na hayakuja peke yake. Mwaka wa 1891 misheni ya Waskoti ilianzishwa Kibwezi. Waliotoa fedha walikuwa wakubwa wa Kampuni ya Kiingereza ya Afrika Mashariki, watu wa biashara hasa. Mtu anaweza kujiuliza kama Injili ilikuwa ikifuata biashara, au biashara ilikuwa ikijificha nyuma ya Injili. Nadhani vyote viwili vilikuwamo, na asiyekubali hilo hajaisoma historia hii vizuri. Malaria iliwatesa sana hapo Kibwezi, hivyo mwaka wa 1898 misheni ikahamia Ukikuyu, mahali ambapo leo pajulikana kama Thogoto. Mwaka wa 1909 alifika huko kijana aliyeitwa Kamau wa Ngengi, akafundishwa kusoma na useremala, akabatizwa mwaka wa 1914. Huyo ndiye Jomo Kenyatta. Basi ukipita Kibwezi kwa basi la Mombasa, chungulia dirishani. Shule ya Rais wetu wa kwanza ilianzia hapo.

Mwezi wa Desemba 1895 Peter Cameron Scott na wenzake wa Africa Inland Mission walipiga kambi Nzaui. Mwaka mmoja baadaye Scott alikuwa kaburini kwa homa, na wenzake kadhaa wakafuata. Miongoni mwa waliobaki alikuwa Willis Hotchkiss, ambaye habari yake yafaa sana kwa wanafunzi wa lugha. Kwa zaidi ya miaka miwili alitafuta neno la Kikamba la kuokoa asilipate. Alilipata jioni moja motoni, Mkamba mmoja aliposimulia jinsi yeye mwenyewe alivyomwokoa mmisionari kutoka kwa simba. Hebu fikiria! Mhubiri alijifunza neno la wokovu kutoka kwa mtu aliyemwokoa mhubiri.

Baadaye Wakamba wenyewe walitaka kuliendesha kanisa kwa mikono yao. Mwaka wa 1945 wakaanzisha African Brotherhood Church, lisilosimamiwa na mzungu yeyote, miaka 18 kabla ya bendera yetu kupandishwa. Mimi naliona hilo kuwa uhuru uliotangulia uhuru.

Nikirudi kwa swali la mwenzetu, mada yetu ilisema "msingi", na msingi wa nyumba huwa mmoja. Mimi ningependelea "mizizi", nomino ambayo wingi wake watumika zaidi ya umoja wake, kwani mti hausimami kwa mzizi mmoja. Mzizi wa Kikristo upo, tena ni mnene. Shule nyingi tunazosomea zilipandwa nao. Lakini pembeni mwake yumo Sultani na barua yake, kadhi na Kiswahili chake, Kivoi na mlima wake. Waliotunga wimbo wa taifa mwaka wa 1963 walichukua sauti ya wimbo wa kubembelezea watoto wa Wapokomo wa mto Tana, na maneno wakayaanza kwa kumwomba Mungu bila kutaja dini. Katiba ya 2010 nayo yamtaja Mungu Mwenyezi katika utangulizi, kisha katika kifungu cha 8 yasema kwamba hapatakuwa na dini ya serikali.

Nimemwambia mwenzetu kwamba babu zake walikuwamo tangu 1844. Amesema mdahalo ujao yeye ndiye atakayefungua.