Kahawa ya kukesha

SWALI: Mwanangu ana miaka 16, yuko kidato cha nne. Kila usiku anakunywa kahawa ili akeshe akisoma. Nimkataze? – Mama, Tanga

JIBU: Mama, kahawa yenyewe si sumu kwa kijana wa umri huo. Kinachonitia wasiwasi ni saa anayoinywa. Kafeini huziba ishara za uchovu kwenye ubongo, na baada ya saa tano hivi karibu nusu yake bado imo mwilini. Ya saa tatu usiku bado inamchezea saa nane. Kijana huyo anahitaji usingizi wa saa 8 hadi 10, na ni usingizini ubongo unapoyahifadhi aliyosoma. Kwa kukesha hivyo anapoteza kile kile anachokitafuta!

Mwaka 2015 Mamlaka ya Usalama wa Chakula ya Ulaya ilitaja miligramu 3 za kafeini kwa kila kilo ya uzito kwa siku kuwa kiasi kisichotia shaka. Kwa mwenye kilo 50 ni miligramu 150; kikombe kikubwa cha kahawa kinaweza kuwa na 100. Kimoja asubuhi, basi, sina ugomvi nacho, ila kisiende pamoja na mlo, maana kahawa hupunguza ufyonzwaji wa madini ya chuma ya maharage na mboga. Vinywaji vya kuongeza nguvu mwondolee kabisa.

Usimwachishe ghafla, kichwa kitamuuma. Mpunguzie kidogo kidogo kwa wiki moja, alale mapema, asome alfajiri. Moyo ukimwenda mbio, mpeleke kwa daktari.